Mhusika anapata wapi hela? Maoni ya mtazamaji wa kawaida kuhusu muvi na tamthilia

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mimi si mchambuzi wa filamu. Ni mtazamaji wa kawaida: jioni nikishakula natafuta kitu cha kutazama, kikinichosha nabadilisha. Ila kuna swali moja ambalo ndilo huamua kama nitafika mwisho au nitasinzia katikati: huyu mtu anaishi kwa kazi gani? Iwe ya Kikorea, ya Kihindi, ya Marekani au ya hapa Bongo, nikijua kodi ya mhusika inatoka wapi na anadaiwa na nani, basi hata akianza kukimbizana na majambazi namwamini. Akiwa na ghorofa na gari na sijamwona hata mara moja akipigiwa simu ya kazini, anaweza kulia kutwa nzima na mimi nikawa nachezea rimoti.

Nianze na ya zamani kabisa, Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Ni Roma baada ya vita, ajira hakuna. Antonio anaitwa kupewa kazi ya kubandika mabango, sharti awe na baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe Maria habishani sana. Anakusanya mashuka ya nyumbani, yakiwemo ya kitandani, na kuyapeleka duka la rehani ili baiskeli itoke. Halafu tunamwona mtumishi wa pale dukani akiyachukua yale mashuka na kupanda nayo rafu ndefu, anapanda, anapanda, na rafu yote imejaa mafurushi ya mashuka ya familia nyingine. Hakuna anayetoa hotuba kuhusu hali ya Italia. Rafu ile inatosha.

Siku ya kwanza kazini, Antonio akiwa juu ya ngazi anabandika bango, baiskeli inaibwa. Kilichobaki ni baba na mtoto wake Bruno wakizunguka mji kuitafuta. Ukimweleza mtu kwamba muvi nzima ni watu wawili wanatafuta baiskeli, atakuona unampotezea muda. Lakini tunajua thamani yake, tumeona ilivyokombolewa. Na yule aliyecheza Antonio, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na inaonekana kwenye mabega yake.

Breaking Bad, tamthilia ya Marekani, ilinishika kwa njia hiyo hiyo. Watu wanaikumbuka kwa kofia nyeusi na madawa. Mimi naikumbuka kwa sehemu ya kwanza kabisa, 2008, pale mwalimu wa kemia anapotoka darasani na kwenda kufanya kazi ya pili kwenye kituo cha kuosha magari. Yuko chini anasugua matairi, na gari lenyewe ni la mwanafunzi wake, aliyesimama pembeni anamcheka. Baada ya hapo sikuhitaji kuelezwa kwa nini anakubali kuanza kutengeneza madawa ya kulevya. Sikuungana naye, lakini nilimwelewa. Na waandishi hawakukisahau kile kituo. Baadaye mke wake anakinunua ili kisafishe hela haramu, na tunakaa naye kwenye mahesabu ya magari mangapi yaoshwe kwa siku ili hela ionekane halali. Tamthilia ina sehemu 62 na sikuruka hata moja.

Squid Game ya 2021 nayo, ile ya Kikorea ambamo watu wenye madeni wanacheza michezo ya kitoto kwa ajili ya hela na anayeshindwa anauawa. Wengi wanapenda yule mdoli mkubwa na michezo. Kwangu mimi sehemu iliyo bora kuliko zote ni ya pili, ambayo haina mchezo wowote. Washiriki wamepiga kura, wamerudishwa majumbani, na tunawafuata. Yule kijana wa Kipakistani, Ali, anakwenda kumdai bosi wake mishahara ya miezi ambayo hajalipwa. Ameumia vidole kazini na bosi anamwambia hana hela, wakati hela iko pale pale. Ukishaiona hiyo, unaelewa kwa nini watu wanarudi kwa hiari yao mahali wanapojua watauawa. Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyoibeba tamthilia nzima, na misimu iliyofuata iliipunguza mno.

Sasa kwetu. Bongo Movie za enzi za DVD, zile za Part One na Part Two, zilikuwa na waigizaji wenye vipaji vya kweli. Steven Kanumba, Mungu amrehemu, aliyetutoka Aprili 2012, alikuwa na uwezo wa kukufanya usibandue macho. Lakini hadithi nyingi zilikuwa sebuleni. Mtu anaingia sebuleni, anakaa kwenye sofa, wanagombana, anatoka nje, gari linaondoka taratibu mpaka liishie. Ni tajiri. Tajiri wa nini? Anauza nini? Ana mkopo benki? Hatuambiwi. Hii nchi imejaa watu wenye kazi za kusisimua: madalali, mafundi wa simu Kariakoo, makondakta, wachimbaji wa Mererani, mama ntilie anayeamka saa tisa usiku. Nawataka kwenye kioo, wakifanya kazi zao kwa mikono yao.

Karibuni. Nitajieni muvi au tamthilia ambayo mliamini kazi ya mhusika.

Mchangiaji, Dar

Mkuu umenena, ila niseme kitu kuhusu ile sebule. Nimewahi kubeba taa na nyaya kwenye seti za wakati ule. Nyumba ilikodiwa kwa siku chache, na kila siku iliyoongezeka ilikuwa hasara. Kwa hiyo ukishaweka taa sebuleni, unapiga kila tukio linalowezekana pale pale: ugomvi, posa, msiba, taarifa ya mimba. Ukisema twende Kariakoo upige fundi simu akiwa kazini, unahitaji kibali, unahitaji watu wa kuzuia wapita njia wasiangalie kamera, na sauti itaharibika kwa honi na matangazo ya maspika. Hadithi ilifuata mfuko. Waandishi waliojua kuandika kazi za watu walikuwepo, nimewaona wakikata kurasa zao wenyewe kwa uchungu.

Mleta uzi

Asante sana mkuu, hii ni faida ya uzi. Sikuwa nimefikiria suala la sauti. Na nakubali mfuko unabana. Lakini hata ndani ya sebule kazi inaweza kuingia. Mtu anaweza kuwa anashona kwenye cherehani wakati wanagombana. Anaweza kuwa anapanga hela za kikoba juu ya meza. Hiyo haiongezi gharama, na mtazamaji anapata cha kushika.

Mchangiaji, Dodoma

Mimi sikubaliani na mleta uzi. Nikitoka kazini nimechoka, sitaki kuona mtu mwingine anahesabu nauli. Nataka majumba, nguo, mapenzi, visasi. Ndiyo maana hizi tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili zimetushika. Ile ya Sultani Suleiman nani analipa kodi pale? Hakuna. Na tulikuwa hatubanduki.

Mleta uzi

Mkuu wa Dodoma, haki yako kabisa, na mimi ile ya Sultani Suleiman niliitazama kwa mapenzi makubwa. Lakini hebu ikumbuke vizuri. Hürrem anaingia kwenye ile kasri akiwa mjakazi, ameletwa Istanbul kama mtumwa. Hadithi nzima ni ngazi ya kazi: nani analala ukumbi mmoja na wenzake, nani anapewa chumba chake, nani anatumwa, nani anatuma, nani ana funguo. Kuna matowashi wanaosimamia, kuna wapishi, kuna Ibrahim aliyeanza mtumwa akafika kuwa waziri mkuu. Hofu ya kila mmoja pale ni kushushwa cheo. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anayafahamu yale macho ya Hürrem siku anapopata mshindani. Kwa hiyo majumba na nguo ni sawa, visasi ni sawa. Ninachoomba ni nijue ndani ya jumba hilo nani anamtegemea nani kwa chakula.

Zinazonishinda ni zile ambazo jumba liko tu.

Mchangiaji, Dar (mwingine)

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi naongezea upande wa kina mama. Kwenye tamthilia zetu dada wa kazi anakuja na trei ya juisi, anasema "karibuni," anaondoka. Au ni mmbeya, au anachukuliwa na baba mwenye nyumba. Basi. Hana kwao, hana mshahara unaocheleweshwa, hana siku ya mapumziko. Nililelewa na dada wa kazi na najua alikuwa na maisha.

Ndiyo maana Roma ya Alfonso Cuarón, ya mwaka 2018, ilinitoa machozi. Ni Mexico, mwaka 1970 na 1971, na mhusika mkuu ni Cleo, dada wa kazi. Muvi inaanza na sakafu tu. Maji ya kudekia yanakuja, yanarudi, povu, na ndani ya yale maji unaona ndege inapita angani. Kwa dakika kadhaa hujui nani anadeki. Nilikaa nikasema, huyu mtu anajua kudeki ni kazi ndefu. Halafu usiku Cleo na mwenzake wako chumbani kwao wanafanya mazoezi kwa mwanga wa mshumaa, maana bibi wa nyumba hapendi wawashe taa. Jambo dogo hivyo, lakini unajua mara moja nani mwenye umeme na nani anaazimwa.

Mleta uzi

Marahaba dada. Hii ya mshumaa umeniwahi, nilikuwa naitunza. Roma ilipata Oscar tatu na ninaona zilistahili, ingawa nawaonya wengine kwamba inakwenda polepole na ni nyeusi na nyeupe. Msiitazame mkiwa na usingizi.

Ukiipenda hiyo, Parasite ya Bong Joon-ho, 2019, ni kama jirani yake mwenye hasira. Familia ya Kim inaishi chumba cha nusu chini ya ardhi, baba, mama, kaka na dada, wote wanakunja maboksi ya pizza kwa malipo ya vijisenti. Msimamizi anakuja analalamika kwamba katika kila maboksi manne moja limekunjwa vibaya, atawakata hela. Unacheka na unaumia. Baadaye mmoja mmoja wanaingia kwenye nyumba ya kitajiri: mwalimu wa Kiingereza, mwalimu wa sanaa, dereva, mtunza nyumba. Na muvi inakuonyesha kwamba kila kazi wanaifanya vizuri kweli. Dereva anakata kona bila kahawa ya bosi kumwagika. Hapo ndipo ubaya ulipo, kwamba hawakukosa uwezo, walikosa mlango. Ilikuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya filamu bora, na kwa mara moja nilikubaliana na wale waamuzi bila kinyongo.

Mchangiaji, Nairobi

Habari zenu majirani. Mleta uzi, kwa orodha yako lazima uweke Papa Shirandula, tamthilia ya vichekesho iliyokuwa ikionyeshwa Citizen TV. Marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alicheza soja wa lango ambaye mke wake anaamini ana kazi kubwa ya ofisi. Anatoka nyumbani na suti na tai, akifika kazini anavaa yunifomu na kushika rungu. Vichekesho vyote vinatokana na hapo. Tulicheka, lakini nawajua wazee waliofanya hivyo hivyo, na wake zao walijua na wakanyamaza. Bukeko alikuwa akiivaa ile yunifomu kwa heshima zote, hakumdharau soja hata siku moja.

Nyingine ni Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, 2012. Mwas yuko kijijini anauza DVD za muvi za kupigana, na ili auze anaigiza matukio yote mwenyewe mbele ya wateja. Hapo unajua ana kipaji kabla hajafika Nairobi. Akifika anaibiwa siku hiyo hiyo, anaishia seli, anasafishishwa choo. Akitoka anaanza kuiba vioo na vipuri vya magari, huku mchana anafanya mazoezi ya tamthilia jukwaani. Kazi mbili, zote za kweli. Mimi niliyepotelewa na saidi mira mara kadhaa niliwahurumia waliozichukua, na hilo si jambo dogo.

Mleta uzi

Mkuu wa Nairobi, umeniandikia uzi wangu. Nairobi Half Life ndiyo filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania Oscar ya filamu za lugha za kigeni, na Joseph Wairimu pale alikuwa moto. Kile kipande cha kuuza DVD ndicho ninachowaomba vijana wetu wanaoandika wakitazame mara mbili. Dakika chache tu, na tumeshajua anatoka wapi, anataka nini, na ana njaa kiasi gani.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu zangu, mmezunguka Korea na Mexico mkazisahau picha za Kihindi zilizotulea pwani hii? Deewaar ya 1975. Amitabh ni kuli bandarini, na pale bandarini kuna majambazi wanawatoza makuli sehemu ya ujira wao kila wiki. Beji yake ni namba 786. Rafiki yake mzee wa Kiislamu ndiye anayemweleza maana ya hiyo namba, kwamba inasimama badala ya Bismillahi, na ukumbi mzima huku kwetu ulikuwa ushaijua kabla hajatamka.

Lakini kabla hajawa mkubwa kuna ile ya utotoni. Mtoto anapiga viatu rangi barabarani. Mteja anamtupia hela chini. Mtoto anakataa kuiokota. Anasema yeye anapiga viatu rangi, haombi, hela aipewe mkononi. Na miaka mingi baadaye, ashakuwa mtu mzima, anatupiwa tena hela mezani, na Amitabh anasema kwamba hata leo haokoti hela ya kutupiwa. Watu walipiga makofi kama wako uwanjani.

Mchangiaji, Mwanza

Nami niweke langu, ingawa ni chungu. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, 2004, filamu ya maisha halisi iliyopigwa hapa Mwanza, ile huku tunaiita ya mapanki, yaani mabaki ya sangara. Ukitafuta kazi kwenye kioo, imejaa: marubani wa ndege za mizigo, viwanda vya minofu ya sangara, mlinzi wa usiku na upinde wake, watu wanaokaanga vichwa na mifupa ya samaki iliyobaki. Rais Kikwete aliisema hadharani mwaka 2006, na hapa mjini watu waliandamana kuipinga. Kwa kanuni yako mleta uzi, hii ni filamu nzuri. Mimi iliniumiza. Nimekulia karibu na mwalo, na nilitaka ikae zaidi na watu ninaowajua mimi: wenye mitumbwi, mama anayesomesha watoto kwa dagaa, fundi nyavu. Kazi tu haitoshi, mkuu. Lazima uone na fahari ya mwenye kazi.

Mleta uzi

Mkuu wa Mwanza, nimesoma mchango wako nikarudia kuusoma. Umeongeza kitu ambacho mimi sikukisema, na sasa nakiona kwenye zote zilizotajwa humu: Bukeko na yunifomu yake, mtoto wa Deewaar na hela yake ya mkononi, Mwas mbele ya wateja wake. Filamu ile ya mapanki naiheshimu kwa ujasiri wa kuuliza nani anakula minofu na nani anabaki na mifupa, na swali hilo bado ni halali. Lakini nakubaliana nawe kwamba mtu aliyemjua mvuvi asingemwacha bila dakika moja ya kujivunia nyavu zake.

Kwa fahari ya kazi, tazama The Boy Who Harnessed the Wind, 2019, Chiwetel Ejiofor ameiongoza na kuigiza baba. Ni kisa cha kweli cha William Kamkwamba wa Malawi, na njaa iliyoikumba nchi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kijana anataka kujenga kinu cha upepo cha kusukumia maji, na anahitaji baiskeli ya baba yake aivunjevunje. Baba ni mkulima, shamba limekauka, baiskeli ndicho kitu pekee cha maana alichobakiwa nacho. Anavyokataa, na baadaye anavyokubali, Ejiofor anacheza vyote kwa uso wa mtu aliyewahi kushika jembe. Kwa Uganda, Queen of Katwe ya Mira Nair, 2016: bingwa wa sataranji tunayemwona kwanza akiuza mahindi barabarani, na mama yake, Lupita Nyong'o, anayepigania chumba cha kulaza watoto.

Waliouliza inbox kuhusu The Wire: ni ya HBO, 2002 hadi 2008, Baltimore. Msimu wa pili unahamia bandarini, kwa wapakuaji wa meli ambao zamu zinazidi kupungua, na kiongozi wa chama chao anayeanza kupitisha makontena ya magendo ili chama kisife. Watu wengi wanaulalamikia huo msimu kwamba unawatoa kwa wahusika waliowazoea. Mimi naupenda kuliko yote. Ila msiruke, anzeni wa kwanza, la sivyo hamtajua polisi wanamtafuta nani.

Na kwa mama mmoja aliyeuliza ipi anaweza kutazama na watoto: Bicycle Thieves haina damu wala matusi, ni dakika 90 hivi. Ni ya Kiitaliano, kwa hiyo wadogo itabidi uwasomee maandishi ya chini.